Talaka ya Babu Zahoro

Shangazi Ashura alipiga simu Jumamosi asubuhi, mimi niko nyuma ya nyumba namwagilia matembele. Hakusalimia.

"Mwanamvua, babu yako tumemrudisha nyumbani. Madaktari wamesema tukamuuguzie kwetu. Uji anakunywa vijiko viwili, cha tatu anafunga mdomo. Kama unakuja, njoo."

"Ameniulizia?"

"Ameuliza. Amesema, 'Mwanamvua binti Matano ameshapewa taarifa?'"

Niliweka ndoo chini. Mwanamvua binti Matano. Basi bado amenuna.

Inabidi nieleze, maana hata mume wangu ilimchukua muda kulielewa jambo hili. Kwetu Kibuta, huko Kisarawe, babu hamwiti mjukuu wake wa kike kwa jina. Anamwita mke wangu. Na mjukuu anamjibu kama mke: anamfokea, anamdai kanga ya sikukuu, anamwambia kibogoyo kama wewe nani angekukubali kama si huruma yangu. Bibi naye anakuwa mke mwenza, anaona wivu wa uongo, anakutuma kuni kwa hasira ya uongo. Nyumba inachangamka hivyo siku zote.

Mimi nilikulia humo. Baba yangu, Matano, alifariki sijaota meno. Mama alipoolewa tena Rufiji, nilibaki kwa Babu Zahoro na Bibi Hajira. Babu akirudi jioni alikuwa anasimama mlangoni na kuuliza, "Wake zangu wamepika nini?" Bibi anajibu, "Mke mkubwa amechoka, muulize huyo mdogo uliyemleta kunitesa." Siku ya kwanza darasa la kwanza, mwalimu aliniuliza jina la baba. Nikamwambia baba sina, ila nina mume, anaitwa Zahoro, anatengeneza mbuzi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Mimi sikuelewa kilichomchekesha. Nilikuwa nimesema kweli.

Mbuzi alizotengeneza ni hizi za kukunia nazi. Babu alikuwa fundi wake kwa miaka zaidi ya hamsini. Alichonga kwa mti wa mfenesi, ule wa ndani wenye rangi ya njano kama manjano ya kupikia, na meno ya ule ulimi wa chuma aliyachonga mwenyewe kwa tupa, jino moja moja, huku ametoa ulimi wake nje. Watu walimfuata kutoka Maneromango mpaka Pugu. Mwanamke akija kuagiza, Babu hakumpima kwa futi. Alimwambia, "Hebu tembea mpaka pale kwenye mkorosho urudi." Akirudi, kipimo kimeshapatikana. Bibi alikuwa anasema hiyo ni kazi gani ya kutazama makalio ya watu, na Babu anajibu ni kazi iliyokulisha.

Kila mjukuu wa kike alipoolewa, Babu alimpa mbuzi. Lakini kwanza bwana harusi apite kwake. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba yetu. Bwana harusi anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, anapiga hodi kwa Babu na kuomba kwa mdomo wake aachiwe yule mke. Babu anamtukana mpaka watu wachoke kucheka. Anampa kazi, labda kupasua kuni, labda kukimbiza jogoo mwenye miguu mirefu. Akishamaliza, bwana harusi anamvika Babu kofia mpya kichwani kwa mikono yake. Hapo Babu anasema mbele ya watu kwamba amemwacha mke huyo, aende. Na mbuzi inatolewa.

Mimi sikuachwa. Na kosa ni langu.

Mume wangu anaitwa Shabani, Mnyamwezi wa Urambo. Alikuja Kibuta na mafundi wenzake kujenga madarasa, mimi nikiwauzia mihogo ya kuchemsha na chai. Ni mtu wa kimya. Alikula mihogo yangu wiki tatu ndipo akasema sentensi ya kwanza, nayo ilikuwa, "Leo chumvi imekaa vizuri." Tulipofikia kutoa posa aliniuliza, kwa sababu ni mtu wa kuuliza, "Kwenu kuna lolote la kumfanyia babu?" Nilimwonea huruma. Nilimfikiria amesimama pale mbele ya wanaume wote, anatukanwa, hana la kujibu. Nikamwambia, "Hayo ni masihara ya wazee. Tuma tu kofia."

Akatuma. Mshenga wake, jirani yetu mmoja wa hapa Kibaha, alileta vitu vyote pamoja: mkaja wa mama, kanga za Bibi, na kofia ya Babu kwenye mfuko. Babu alikaa barazani tangu asubuhi ameoga, amevaa kanzu, anamsubiri mtu wa kumtukana. Akaletewa mfuko.

Hakugomba. Aliupokea, akasema asante, akauingiza ndani na kuutundika msumarini juu ya kitanda. Niliambiwa baadaye kwamba alisema neno moja tu: "Mke wangu ameombwa na mfuko."

Kuanzia siku ile, miaka minne, hakuniita tena mke wangu. Nikienda kumsalimia ananiitikia, "Marahaba, Mwanamvua. Hamjambo Kibaha? Mvua zimenyesha?" Kama anaongea na bwana shamba. Hakunifukuza, hakuninyima kitu, alimpakata mwanangu Faudhia na kumwimbia. Lakini mimi alinipa heshima, na heshima ile ilinikaa kooni.

Basi ile simu ilipokatika nilimwambia Shabani, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini Soga, "Leo unakwenda kuniomba."

"Kukuomba nini?"

"Kuniomba mimi. Kwa Babu."

Alinitazama. Faudhia, ana miaka miwili, alikuwa amekaa juu ya ndala za baba yake. "Mama Faudhia, mzee anakata roho, mimi niende kumfanyia mzaha?"

"Si mzaha. Nataka aniache kabla hajaondoka."

Alimwinua mtoto, akavaa ndala, akaenda kutazama mafuta kwenye pikipiki.

Tulipita njia ya Kiluvya inayotokea Mpuyani. Mimi nimembeba Faudhia mgongoni kwa kanga, mkononi nimeshika mfuko wa machungwa. Barabara ilikuwa na mashimo lakini hewa nzuri, mikorosho imeanza kutoa maua, ile harufu yake ukiipata unajua umefika. Njia nzima Shabani hakusema neno. Ila tulipopita Kisarawe mjini aligeuza shingo kidogo akauliza, "Nikikosea je?"

"Ukikosea atakutukana."

"Na nisipokosea?"

"Atakutukana pia."

Nyumbani wanaume walikuwa wamekaa barazani kwenye majamvi, wanasoma Yasini taratibu. Shabani aliwasalimia, akakaa pembeni kabisa, karibu na nguzo ya baraza, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mimi nilipitia jikoni. Bibi Hajira alikuwa anakuna nazi. Hakusimama. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Umekuja, mke mwenzangu? Nenda kamwone mume wako. Mimi amenichosha, uji hataki, anataka mchuzi wa papa. Papa nitamtoa wapi, huku porini?"

Bibi hakuwahi kuacha kuniita hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mkono unakuna, hausimami.

Babu alikuwa amelazwa kwenye kitanda chake cha kamba, karibu na dirisha. Nilijua amekonda, lakini sikujua mtu anaweza kupungua namna ile. Mikono tu ndiyo ilikuwa ya zamani: mipana, ile sugu ya tupa bado ipo kwenye kidole gumba. Juu yake, kwenye msumari, mfuko ule ule. Umepauka.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, Mwanamvua." Sauti ilitoka mbali. "Mmefika salama? Kibaha hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mvua?"

"Bado, Babu."

Shangazi Ashura, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimpepea, alinipa ule upepeo akatoka kupumzika. Nilichukua mafuta ya nazi dirishani, nikaanza kumpaka miguuni. Ngozi ilikuwa kavu, mafuta yanazama mara moja. Nilipaka mguu mmoja wote bila kusema kitu. Nilipohamia wa pili nikasema, kwa sababu kumtazama miguu kulikuwa rahisi kuliko kumtazama uso.

"Babu, ile kofia. Shabani aliniuliza. Alitaka kuja mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia ni masihara ya wazee."

Nikadhani amesinzia. Niliendelea kupaka, kati ya vidole, kisiginoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mnyamwezi hakatai kubeba kitu. Ukimwambia beba, anabeba. Nikajua kuna mtu amemwambia asibebe." Alivuta pumzi. "Uliniona mimi mzee wa kuaibisha watu."

"Nilimwonea yeye huruma, Babu."

"Na mimi nilioga tangu alfajiri."

Machozi yalinidondokea kwenye mguu wake, nikayapaka pamoja na mafuta. Yeye alikuwa anatazama dirishani. Baada ya muda akauliza, "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwizi."

"Yuko barazani, amekaa na wanaume."

"Amekaa tu?"

"Amekaa, Babu."

"Mnyamwezi amefika kwangu, amekaa tu, hajabeba hata gogo." Alifumba macho. "Dunia imekwisha kweli."

Nilitoka mbio mpaka nikajikwaa kwenye kizingiti. Shangazi Ashura alinidaka ukumbini. "Kuna nini? Amezidiwa?"

"Anatukana, Shangazi!"

"Anatukana?"

"Anamtukana Shabani!"

Shangazi alishika kiuno. Ni mwanamke wa msimamo, mwalimu wa madrasa, hapendi mambo kuchanganyika. "Mwanamvua, watu wanasoma pale nje. Mzee ni wa kusomewa sasa hivi, si wa kuchekeshwa. Mkimchosha akatutoka mikononi?"

Hata mimi niliogopa. Alichosema kilikuwa cha kweli. Lakini Bibi alisikia kutoka jikoni, akasema kwa sauti ile ya kuita watu shambani, "Ashura, wewe muache baba yako. Miaka minne nimelala na mtu aliyenuna. Kama anataka kuacha kununa, aache leo, sio akaninunie mpaka kaburini."

Shangazi akapisha.

Shabani alikuja. Alivua viatu, akakunja suruali, sijui kwa nini alikunja suruali. Alisimama mlangoni pa chumba, jasho linamtoka.

"Hodi."

Kimya. Bibi, aliyeshaingia na kukaa miguuni pa kitanda, alimwashiria kwa mkono: tena.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Nani?" akasema Babu, macho amefumba.

"Mimi Shabani."

"Simjui. Hajira, unamjua Shabani?"

"Namjua yule wa mwezi, kabla ya Ramadhani," akasema Bibi. "Huyu mwenye miguu sijamwona."

Shabani akasema, "Nimekuja kuomba mke, Babu."

"Mke gani?"

"Mwanamvua."

Babu akafumbua jicho moja. "Mwanamvua si yuko kwako mwaka wa nne? Umezaa naye, umemnenepesha, mlango wangu anapita kwa ubavu. Leo unaomba nini tena? Chumvi?"

Kule barazani mtu mmoja alicheka, kisha mwingine. Kusoma kulikuwa kumesimama.

"Nilimchukua bila kuomba," akasema Shabani. "Nimekuja kuomba."

"Mwizi amekula kuku, anarudi kuuliza bei ya mayai." Babu alipumzika, akatafuta pumzi, tukasubiri wote. "Miaka minne nimekaa na mke mmoja, kama maskini."

"Na huyo mmoja mwenyewe ulikuwa humuwezi," akasema Bibi.

Hapo hata Shangazi Ashura aligeukia ukutani, mabega yanamcheza.

Babu alinyanyua mkono, watu wakanyamaza. "Sikiliza, wewe Mnyamwezi. Babu zako waliteremka huku pwani kwa miguu, pembe mabegani, miezi mitatu njiani. Hawakutuma mfuko. Sasa na wewe beba. Kanibebe mpaka uani, nikaone kibanda changu."

"Baba!" akasema Shangazi. "Hata kukaa huwezi."

"Nani amesema nikae? Nimesema nibebwe."

Shabani alinitazama. Nikadhani atasema anaogopa. Badala yake aligeuka, akachuchumaa kando ya kitanda na kuweka mgongo wake pale, vile anavyouweka wakati wenzake wanampakia mfuko wa saruji. Mimi na Bibi tulimwinua Babu. Hakuwa na uzito wa kutaja. Nilichukua kanga niliyombebea Faudhia njiani, nikamfunga nayo Babu, nikapitisha chini ya makalio na kukaza fundo kifuani kwa Shabani. Kidevu cha Babu kikatua begani kwake. Faudhia alitazama, akanyoosha kidole akasema, "Mtoto."

"Ndiyo, mimi mtoto," akasema Babu. "Sogea, zamu yako imekwisha."

Tukatoka. Wanaume wa barazani wote walikuwa wamesimama. Mzee mmoja jirani alipiga kofi, "Haya! Mnyamwezi kapata mzigo wake!" Mwingine akasema afadhali hii kuliko pembe, pembe ingemtoboa. Shabani alikuwa anatembea taratibu mno, anapima kila hatua kama anapita juu ya kiunzi ghorofani.

"Polepole," akasema Babu. "Mimi si saruji."

"Saruji nzito zaidi, Babu," akasema Shabani. "Na haisemi."

Kisha nikaona mgongo wa Babu unatikisika. Nikakimbia mbele nikidhani ndiyo imetokea. Alikuwa anacheka. Anacheka bila sauti, mdomo wazi, ufizi wote nje, chozi linamtoka jicho la kushoto.

"Ehee," akasema alipopata pumzi. "Kumbe una mdomo. Miaka minne umeuficha wapi?"

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya jiko, miti minne na makuti. Gogo la mfenesi lilikuwa pale pale, tupa zimepangwa kwenye kopo, vumbi la mbao bado liko chini, la njano. Shabani alichuchumaa taratibu mpaka mkono wa Babu ukafika kwenye gogo. Babu alilipapasa. Alichukua tupa moja, akaitazama, akairudisha kwenye kopo, ikaingia kwa shida. Kuku alipita. Jua lilikuwa zuri, lile la saa tano, lisilochoma.

"Leta ule mfuko," akasema.

Nilikwenda kuutoa msumarini. Kofia ilikuwa nyeupe, ya mkono, bado imekunjwa vile vile ilivyotoka kwa mshonaji. Shabani alikuwa hawezi kugeuka, kwa hiyo alinyoosha mikono juu ya mabega yake mwenyewe na kumvika Babu kwa kupapasa, kama mtu anayefunga taa gizani. Kofia ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Miaka minne iliyopita ingenikaa," akasema Babu kutoka chini ya kofia.

Bibi alichana kipande cha kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakitia ndani ya ukingo, akamvika tena. Ikakaa. Alimtazama mumewe, akamnyoosha kofia upande kidogo, akarudi nyuma. "Hivyo. Sasa umekuwa mtu."

"Mwanamvua yuko wapi?"

"Niko hapa, Babu."

"Njoo mbele, nikuone. Nyie wanaume sikilizeni, msije mkasema hamkusikia." Alingoja pumzi yake ijae. "Mke wangu."

Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Miaka minne.

"Mke wangu, nimekaa na wewe tangu huna meno, mpaka mimi sina meno. Hukuniibia, hukunitukana mbele ya wageni, ila uliniaibisha siku moja, na hiyo imekwisha. Kuanzia leo nimekuacha. Nenda na huyu punda wako. Nakuacha talaka moja tu, maana hata nikikupa tatu utarudi, nakujua. Hajira!"

"Labeka."

"Mpe mbuzi yake."

"Ipi?"

"Hiyo unayokalia kila siku jikoni. Unajifanya hujui."

Bibi alijishika kichwa. Kumbe Babu aliitengeneza mbuzi yangu mapema, kabla ya harusi, na alipoumizwa moyo na ule mfuko aliitupa jikoni, akasema asipewe mtu. Bibi akaikalia. "Sasa mimi nitakunia wapi?" akalalamika, na alikuwa hatanii. "Nimeshaizoea. Imeshanijua."

"Olewa kwingine, utatengenezewa," akasema Babu. Kisha akalaza shavu lake kwenye bega la Shabani na kusema kwa sauti ndogo, "Mpagazi, nirudishe. Nimechoka."

Mchana ule alikunywa uji vijiko saba. Nilihesabu.

Nilikaa Kibuta siku zile zilizofuata. Shabani alikwenda kazini Soga na kurudi Jumanne na papa mkavu aliyemtafuta sijui wapi, Bibi akatengeneza mchuzi, Babu akalamba ncha ya kidole na kusema chumvi imezidi. Mimi hakuniita tena mke wangu. Aliniita mtalaka wangu. "Mtalaka wangu, nigeuze." "Mtalaka wangu, fungua dirisha." Na akawa anamsimulia Faudhia, kwa maneno yanayokatikakatika, kwamba sasa yeye ndiye mke, ajitahidi kukua, asipende vitu vya kukaanga.

Alhamisi asubuhi nilikuwa namkata kucha. Alisema, "Hujaondoka tu?"

"Nitaondoka, Babu."

"Mtu akishaachwa haondoki akigeukageuka nyuma. Watu watasema alipendwa."

"Waseme."

Alitabasamu. Nilimaliza mkono wa kulia, nikaanza wa kushoto. Nilipofika kidole gumba, kile chenye sugu, nikaona mkono umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Niliendelea kuushika. Nilimalizia ule ukucha, sikutaka kuuacha nusu. Kisha nikamwita Shangazi Ashura.

Babu alizikwa alasiri ile ile. Waliotangulia kushika jeneza walipotaka kubadilishana, Shabani aliingia mbele na kusema kwa sauti, yeye mtu wa kimya, "Pisheni. Mzigo huu naujua, nilishaubeba." Wazaramo, watani wake, wakamzomea palepale njiani, wakamwambia asije akaukimbiza mpaka Tabora. Ndivyo walivyokwenda naye, wengine wanacheka wengine wanafuta macho.

Siku ya tatu, matanga yanavunjwa, nilikuwa uani nafunga vitu vyangu kwenye pikipiki. Bibi alikuwa chumbani, ameshaanza eda yake, kaniki na kanga nyeupe. Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wanaosha masufuria waliniona nimejipaka wanja. Mmoja akaita, "Wewe Mwanamvua, mumeo amekufa juzi tu, leo unajipamba na kutoka? Mwenzio yuko ndani, wewe eda hukai?"

"Mimi simo," nikamjibu. "Niliachwa. Jumamosi, saa tano asubuhi, na mashahidi walikuwa barazani."

Wakacheka, wakagonganisha mikono yenye maji. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, nikasikia Bibi naye anacheka, kisha anakohoa, kisha anasema, "Kama uliachwa, ondoka basi, unasubiri nini? Na hiyo mbuzi uifunge vizuri. Ikivunjika njiani, fundi wake hayupo."

Niliifunga kwa mipira miwili, nikaipitishia na kanga. Sasa iko hapa Kibaha, jikoni kwangu. Imenibana kidogo kiunoni, kwa sababu mti haunenepi, na mahali Bibi alipokalia kwa miaka minne pamekuwa laini, panang'aa. Jana nimekunia nazi ya mchuzi wa matembele. Faudhia alisimama mbele yangu, mikono nyuma, ananitazama. Nikamwambia, "Hebu tembea mpaka pale mlangoni urudi."

Akaenda, akarudi.